Mtoto mwenye aleji nyingi asinyimwe chakula kwa dhana

Safu yetu leo inawahusu zaidi akina mama, bibi na mashangazi, maana hao ndio wenye jiko. Lakini baba naye asifungue ukurasa mwingine, kwani mara nyingi yeye ndiye anayetoa amri kwamba "huyu mtoto asile tena mayai", kisha akachukua jembe lake akaenda shambani, na amri ikabaki miaka miwili.

Huku Bungu na vijiji vya jirani, milimani Usambara, neno "aleji" limeenea kuliko maradhi yenyewe. Mtoto akitoka vipele, ni aleji. Akiharisha, ni aleji. Akikohoa usiku katika baridi ya mwezi wa Juni na Julai, ni aleji. Na kila neno hilo linapotamkwa, kuna chakula kinachotolewa kwenye bakuli lake. Yanaanza maziwa, yanafuata mayai, wanafuata dagaa, mwisho hata maharage. Anabaki na uji mweupe wa mahindi na viazi vya kuchemsha. Akifika kliniki akazungushiwa mkononi ule utepe wenye rangi tatu, unasoma njano, yaani chini ya sentimita 12.5, au nyekundu, chini ya 11.5. Hapo mtoto ana utapiamlo, na aliyemsababishia si yai wala maziwa.

Nchini kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nchi ya namna hiyo haina chakula cha kumwondolea mtoto kwa kubahatisha.

Hata hivyo, asije mtu akasema tabibu wa gazeti kaandika kwamba aleji ni uzushi. Ipo, na inaweza kuua ndani ya nusu saa. Kwa Kiswahili chetu inaitwa mzio, na neno hili lina historia yake: wazee walilitumia pia kwa chakula ambacho ukoo fulani hauli, kwa miko ya mababu. Nadhani ndiyo maana tunachanganya. Mzio wa ukoo humhusu kila mtu wa ukoo, na hauhitaji ushahidi. Mzio wa mwili ni wa mtu mmoja, na ushahidi wake unaonekana kwa macho. Waliosoma fiqhi ya vyakula wanakumbuka kisa cha dhabbu, yule mjusi wa jangwani aliyeletwa mbele ya Mtume (SAW). Yeye hakumla, akaeleza kuwa hakumzoea, lakini hakumharamisha, na Khalid bin Walid (RA) akamla pale pale. Basi mama mwenye watoto watatu asiwanyime wote mayai kwa sababu ya mmoja.

Mzio hujulikanaje?

Mwili wa binadamu una askari wake wa kupambana na wadudu wa maradhi. Kwa baadhi ya watoto askari hao hukosea, wakaiona protini ya chakula halali kama adui, wakamwaga kemikali ambazo huvimbisha, huwasha na kubana njia za hewa. Mzio wa aina hii huja haraka: dakika chache baada ya kula, na mara nyingi haupiti saa mbili. Midomo au kope huvimba, ngozi hutoka vibaka vinavyowasha kama mtu aliyepitiwa na upupu, mtoto hutapika, hukohoa au kifua hulia. Na jambo kubwa la kulishika ni kwamba hurudia. Yai la leo likimvimbisha, na la mwezi ujao litamvimbisha.

Iko aina nyingine ya polepole, ambayo huonekana baada ya saa kadhaa au siku: damu kwenye choo cha mtoto mchanga, kutapika sana, au pumu ya ngozi kuchachamaa. Hii ni ngumu zaidi kuitambua, na ndiyo inayohitaji daftari. Ndiyo, daftari la shule la kawaida. Andika alichokula, saa ngapi, kilichotokea, na baada ya muda gani. Wiki mbili za daftari zinanisaidia mimi kuliko maelezo ya mwaka mzima ya majirani.

Sasa angalia mambo yanayodhaniwa kuwa mzio na siyo. Mtoto aliyetoka kuharisha kwa siku nyingi anaweza kushindwa kusaga sukari ya maziwa kwa muda, tumbo likajaa gesi. Huyo mara nyingi mtindi humkubali, na baada ya wiki chache maziwa hurudi. Wekundu unaozunguka mdomo baada ya kula nyanya au ndimu ni muwasho wa ngozi tu. Minyoo nayo huleta vipele na muwasho, kwa hiyo dawa ya minyoo inayotolewa pamoja na matone ya vitamini A kila Juni na Desemba isikose kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Na kuna hili la samaki. Samaki kama jodari na vibua akitolewa Tanga asubuhi bila barafu, akapanda basi hadi milimani, hufika akiwa ameshatengeneza sumu inayowasha na kufanya uso kuwa mwekundu, na kumpika hakuiondoi. Ukiona waliokula sinia moja wote wamewashwa, usimlaumu mtoto wala mwili wake. Muulizeni aliyeuza samaki.

Mwaka uliopita mama mmoja alimleta mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa na pumu ya ngozi tangu akiwa na miezi minne, na orodha ya vyakula vilivyokatazwa ilikuwa imeandikwa nyuma ya kadi ya kliniki: maziwa, mayai, dagaa, maharage, karanga. Mkono wake ulisoma sentimita 11.9. Tulikaa tukauliza chakula kimoja kimoja. Yai: alikula nusu, dakika kumi baadaye midomo ikavimba na akatapika, na ilitokea mara mbili. Huo ni ushahidi. Maharage: yalimjaza gesi. Huo si ushahidi. Dagaa: alitoka vipele wiki aliyokula, lakini wiki hiyo hiyo na kaka zake walikuwa na upele. Karanga: hajawahi kula, alinyimwa "kwa tahadhari". Na maziwa? Hapo bibi yake, aliyekuwa amekaa kimya pembeni, akainamisha kichwa akasema kwamba kila alasiri humpa kikombe cha chai ya maziwa mama mtu akiwa shambani, na hajawahi kuona kitu. Mama alinuna, mimi nilifurahi, maana bibi alikuwa ametufanyia kipimo ambacho zahanati haina.

Maharage, dagaa na maziwa vilirudi, kimoja baada ya kingine. Karanga, kwa kuwa mtoto mwenye pumu kali ya ngozi na mzio wa yai yumo katika hatari ya kuwa na mzio wa karanga pia, alionjeshwa mara ya kwanza kituoni, mchana, baada ya kushauriana na daktari wa watoto, sindano ikiwa tayari mezani. Haikumdhuru. Baada ya miezi minne alikuwa ametoka kwenye njano. Yai mpaka leo hali, na asipewe.

Kuhusu hii tahadhari ya kuwanyima watoto karanga, ulimwengu wenyewe ulibadili msimamo. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri kwamba watoto wenye hatari ya mzio wasipewe karanga hadi wafike miaka mitatu. Mwaka 2008 ushauri huo uliondolewa. Kisha mwaka 2015 ukatoka utafiti wa London uliofuatilia watoto 640 waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Wengine walipewa karanga mapema, kabla ya kutimiza mwaka, wengine wakanyimwa kabisa. Walipofika miaka mitano, katika walionyimwa kiasi cha 17 kwa kila 100 walikuwa na mzio wa karanga. Katika waliokula walikuwa 3 tu. Utafiti wa Afrika Kusini nao ulikuta mzio wa chakula kwa watoto wadogo 2.5 katika kila 100 mjini Cape Town, na 0.5 tu katika vijiji vya Eastern Cape. Ni wachache basi, lakini wapo, na vijijini pia.

Ningependa pia kutoa neno kuhusu vipimo. Kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi huonyesha kwamba askari wa mwili wanakitambua chakula fulani. Hakithibitishi kwamba chakula hicho kinamdhuru mtoto. Ghana walipima watoto wa shule, wakakuta wengi damu yao inaitikia karanga huku wakizila bila tatizo, na sababu mojawapo ilikuwa kichocho. Kwa hiyo karatasi yenye orodha ya vyakula arobaini, au ile mashine ya kushika mkononi inayodaiwa kusoma mwili mzima kwa dakika tatu, isimwondolee mtoto wako chakula anachokula vizuri. Hiyo mashine, kwa maoni yangu, inasoma mfuko wa mzazi.

Uji wa lishe, mashine ya kusaga na sinia

Katika nyumba yenye mtoto wa mzio, adui aliyejificha vizuri kuliko wote ni unga wa lishe. Tumezoea kuusifu kwa wingi wa vitu vyake: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, na siku hizi wengine wanatia hadi korosho, ufuta na dagaa. Mtoto akidhurika, utajuaje ni kipi? Na zaidi, mchanganyiko mkubwa humfanya mama aamini kwamba wingi wa majina ndio lishe. Mahindi au ulezi, pamoja na kitu kimoja cha jamii ya maharage anachokikubali mtoto, na kijiko cha mafuta, vinatosha. Karanga na mahindi yaliyopata unyevu yatupwe, hata kuku wasipewe. Sumu ya kuvu haichagui mwenye mzio na asiye na mzio: mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kutokana nayo na 20 wakafariki.

Halafu iko mashine ya kijijini. Anayetangulia anasaga soya na karanga, wewe unafuata na mahindi ya mtoto, na kilo za kwanza zinatoka na mabaki ya mwenzio. Kwa mtoto mwenye mzio mkali wa karanga hilo ni tatizo la kweli. Muombe mwenye mashine usage baada ya mtu wa mahindi matupu, na unga wa mwanzo utumike kwa ugali wa wakubwa. Au twanga kwa kinu cha nyumbani ambacho hakijaguswa na karanga.

Jikoni, mwiko uliokoroga mchicha wa karanga usihamie kwenye sufuria ya mtoto. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kwani maji matupu hayaondoi vizuri mabaki ya karanga, na vile vitakasa mikono vya spiriti vilivyoenea tangu mwaka 2020 haviyaondoi pia. Mtoto awe na bakuli na kijiko chake. Najua wapo wazee wanaoona kumtenga mtoto na sinia ni kumfundisha ubinafsi. Wakalishwe wote mkeka mmoja, wasome dua pamoja, lakini bakuli liwe lake.

Walimu wa madrasa nao waambiwe. Siku ya maulidi au khitma hugawiwa kashata, halua na biskuti, na mtoto wa miaka minne hajui kusema "hii sili". Halua nyingine zina lozi au korosho, kashata nyingi ni karanga. Mzazi amfungie mwanawe kitu chake, na mwalimu awe na jina lake kwenye daftari.

Basi ale nini?

Kanuni ni nyepesi kuisema: ukitoa chakula, weka kingine chenye kazi ile ile. Tatizo ni kwamba watu huweka chochote.

Chukua maziwa. Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huambiwa ahamie ya mbuzi. Protini za maziwa hayo mawili zinafanana mno, na walio wengi wenye mzio wa moja hudhurika na la pili pia. Tui la nazi nalo si maziwa. Lina mafuta mazuri, lakini protini na madini ya mifupa ni kidogo. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, hazina ya kwanza ni ziwa la mama, na Suratul Baqara aya ya 233 imeshataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza unyonyeshaji. Miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Ikiwa mtoto anayenyonya hutoa damu kwenye choo, huenda mama akashauriwa kuacha maziwa ya ng'ombe kwa wiki mbili hadi nne, kisha ayarudishe kuona. Asiache milele kwa kuhofia, maana naye ni mtu, anahitaji kula. Baadaye mtoto apate dagaa wa kusagwa pamoja na mifupa yake, kama samaki wanamkubali, na mboga za majani. Ikiwa hanyonyi kabisa na hajatimiza mwaka, huyo asisimamiwe na gazeti wala jirani, apelekwe hospitali apangiwe maziwa maalumu.

Anayekosa yai apate nyama ya kuku, maini kidogo, maharage au kunde. Anayekosa karanga apate parachichi, ambalo huku kwetu wakati wa msimu linaoza chini ya mti huku mtoto akinunuliwa biskuti. Parachichi lililopondwa na ndizi mbivu au kiazi kitamu humpa mtoto nguvu nyingi katika tumbo dogo. Anayekosa ngano ndiye mwenye nafuu, maana ugali, wali, mihogo na ndizi vimejaa. Ajihadhari na maandazi, chapati, tambi na biskuti. Maharage na kunde viloweshwe usiku, maji yamwagwe, vichemshwe mpaka vilainike, viondolewe maganda kwa mtoto mdogo. Gesi hupungua, na bibi hataita aleji.

Chakula kipya kiingie kimoja kimoja, asubuhi, siku ambayo mtoto hana homa, kwa kijiko kidogo, halafu umwangalie saa mbili. Ukiona salama, endelea siku tatu kabla ya kuleta kingine. Mzio wa maziwa na wa yai huisha kwa watoto wengi wanapokua, kwa hiyo swali la kama bado upo liulizwe kituoni kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Kilichowahi kumvimbisha au kumbana pumzi kisijaribiwe nyumbani hata mara moja.

Wapo watoto wenye mzio na maradhi mengine juu yake. Mwenye pumu ya kifua atumie dawa zake bila kukatiza, kwa sababu pumu isiyodhibitiwa ndiyo inayogeuza mzio wa chakula kuwa kifo. Mwenye pumu ya ngozi apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, kila siku, mara tu baada ya kuoga; asipakwe samli wala mafuta ya karanga, kwani chakula kinachoingia kupitia ngozi iliyopasuka huufundisha mwili kukichukia. Mwenye seli mundu, na Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto kama 11,000 wa namna hiyo kila mwaka, anahitaji maji mengi, kidonge chake cha foliki na protini isiyokatizwa. Dawa ya kuongeza madini ya chuma asinunuliwe dukani kiholela. Mwenye maradhi ya moyo huchoka kabla ya kushiba, hivyo alishwe kidogo kidogo, mara sita au saba kwa siku, na chakula chake kiongezewe mafuta.

Ikitokea hatari

Mtoto amekula, mara sauti imekwaruza, anahema kwa shida, anatapika huku mwili umejaa vibaka, au amelegea na kupauka. Hapo usitafute maziwa ya kumnywesha, usimtapishe, usingoje uone kama vidonge vya piriton vitafanya kazi. Piriton hutuliza muwasho, haifungui koo. Dawa ni sindano ya adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, na kipimo chake hupangwa kwa uzito. Zile kalamu za adrenalini ambazo wazazi wa Ulaya hutembea nazo mfukoni ni adimu kwetu, kwa hiyo uulize leo, mtoto akiwa mzima, ni kituo kipi cha karibu chenye dawa hiyo usiku na mchana. Usiupite mlango huo kukimbilia Korogwe, hata kama huko kuna hospitali kubwa. Apate sindano kwanza, safari ifuate. Njiani alazwe, miguu iinuliwe kidogo, au akalishwe ikiwa anashindwa kupumua. Asisimamishwe wala kutembezwa. Hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi.

Mwisho kuna swali ninaloulizwa sana kliniki, nalijibu hapa kwa wote. Mtoto mwenye mzio wa yai apelekwe kuchanjwa surua na rubela? Apelekwe, akitimiza miezi 9 na tena miezi 18, kama wenzake. Masalio ya yai katika chanjo hiyo, hata kama yapo, ni kidogo kiasi cha kutomdhuru hata mwenye mzio mkali. Mwambie muuguzi kuhusu mzio, kaa naye pale kliniki dakika kama thelathini, kisha mrudi nyumbani.